Mzee anaanguka mara kwa mara: fuata dalili uipate sababu

"Ni uzee tu." Kauli hii naisikia kwa watoto na wajukuu wanaomleta mzee wao kwenye fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) baada ya kuanguka mara ya pili au ya tatu, na kila nikiisikia naipinga. Umri peke yake haumwangushi mtu. Kinachomwangusha ni paja lililoishiwa nguvu, presha inayoporomoka anaposimama, nyayo zilizokufa ganzi, dawa ya usingizi, miwani isiyomfaa, au mambo mawili matatu ya namna hiyo yaliyokutana kwa mtu mmoja. Mengi kati ya hayo yana tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo ni mazoezi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Katika watu wenye miaka 65 na kuendelea, takriban mmoja kati ya watatu huanguka walau mara moja kwa mwaka. Lakini mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikuta kwamba mazoezi hupunguza matukio hayo kwa takriban asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani. Si dawa nyingi zinazoweza kujivunia hilo.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na ya mzee wako. Chini ya kila dalili, sababu zimeanza na ile inayokutwa zaidi. Akiwa na dalili tatu kwa pamoja, wala usishangae. Ndivyo wengi walivyo.

## Kwanza: yasiyosubiri mazoezi

Ukiona mojawapo ya haya, weka mwongozo huu pembeni na umpeleke hospitali:

- Alizimia, au hakumbuki alivyofika chini. Huenda tatizo liko kwenye moyo au ubongo.
- Amejigonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asikudanganye kwa kusema yuko sawa. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na maumivu ya kichwa, kusinzia au kuchanganyikiwa kukaja baada ya siku au hata wiki.
- Nyonga inamuuma vikali, hawezi kukanyagia mguu, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Chukulia kuwa ni mfupa uliovunjika. Usimsimamishe "ajaribu".
- Mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, maneno hayatoki vizuri.
- Miguu yote imelegea ghafla, kuna ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa vimemshinda kuvizuia.
- Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio kabla ya kuanguka.
- Alikuwa mzima, na ndani ya siku chache ameanza kuanguka. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, au dawa mpya. Kwa mzee, maambukizi huweza kuja bila homa. Dalili pekee ikawa ni kuanguka na kuchanganyikiwa.

## Usimuulize kwa nini, mwombe akuonyeshe

Ukimuuliza mzee kwa nini alianguka, jibu ni "niliteleza". Hilo ndilo jibu la heshima, halimsumbui mtu. Bibi mmoja alinijibu hivyo hivyo. Nikamwambia, "Sawa bibi, hebu nionyeshe. Ulikuwa umesimama wapi, na ulikuwa unaelekea wapi?" Akasimama, nami nikiwa nimemshika kiunoni, akageuka kama vile anachukua kitu kabatini. Kiwiliwili kiligeuka chote, miguu ikabaki palepale, kisha mguu wa kulia ukavuka mbele ya wa kushoto na kuunasa. Sakafu ilikuwa kavu. Hakuwa ameteleza popote. Alikuwa amejifunga miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo kila anapoanguka, andika kwenye daftari: alikuwa anafanya nini, alihisi nini sekunde chache kabla, alielekea upande gani, saa ngapi, alivaa nini miguuni, na dawa gani alimeza siku hiyo. Daftari hilo lina thamani kubwa kwa mtaalamu kuliko picha nyingi za eksirei.

## Dalili: anajirusha ili kuinuka kitini, au anakaa kwa kujibwaga

Hii ndiyo ninayoikuta kuliko zote, na ndiyo inayoitikia mazoezi kwa uhakika zaidi.

Sababu. Ya kwanza ni udhaifu wa misuli ya mapaja na makalio. Mara nyingi huanzia kwenye ugonjwa uliomlaza wiki moja au mbili: mzee hupoteza misuli haraka akilala, na hairudi yenyewe kwa sababu tu ugonjwa umepona. Inafuata magoti au nyonga zinazouma, kiasi kwamba mwili wenyewe unakataa kuzitumia. Kisha kiti kilicho chini mno au chenye godoro laini. Mwisho, kwa nadra, ni matatizo ya tezi ya shingo, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, au mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni.

Kipimo cha nyumbani. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, chenye kimo cha kama sentimita 43, kiegemeze ukutani kisisogee. Mzee akae katikati, nyayo sakafuni, mikono imekunjwa kifuani. Mhesabie ni mara ngapi anasimama wima na kukaa ndani ya sekunde 30, wewe ukiwa karibu naye. Mwanaume wa miaka 65 hadi 74 akishindwa kufikisha 12, ni dhaifu kuliko wenzake wa umri huo. Kwa mwanamke, kiwango ni 11 akiwa na miaka 65 hadi 69, na 10 akiwa na 70 hadi 79. Kwa mwanaume wa 75 hadi 79 ni 11. Akivuka 80, kiwango ni 10 kwa mwanaume na 9 kwa mwanamke. Akifika 85, ni 8 kwa wote wawili. Kama lazima atumie mikono kusimama, hesabu yake ni sifuri, na hapo usiendelee kupima, umeshapata jibu.

Marekebisho mepesi. Kabla ya kutafuta nguvu, rekebisha namna anavyoinuka. Wazee wengi hujaribu kusimama visigino vikiwa mbele ya magoti na mgongo ukiwa umeegama, na hakuna paja linaloweza kazi hiyo. Asogee ukingoni mwa kiti. Arudishe nyayo nyuma hadi visigino viwe chini ya magoti au nyuma yake kidogo. Ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu. Wakati wa kukaa, arudi nyuma hadi ahisi kiti kinagusa miguu, kisha ashuke polepole kwa hesabu ya tatu. Huko kushuka polepole ni zoezi kamili la paja, tena nusu ambayo wengi huiruka.

Marekebisho ya ndani. Anzia kwenye kiti kirefu kidogo, akitumia mikono ikibidi, arudie mara nane hadi kumi, apumzike, arudie tena. Siku tatu kwa wiki, akiruka siku moja katikati. Anapofika kumi bila kuhema, punguza msaada: mkono mmoja, kisha bila mkono, kisha kiti kifupi zaidi. Ongeza kuinua visigino na kuinua vidole akiwa ameshika meza nzito, na kuinua mguu kando ili kuimarisha misuli ya nyonga. Mazoezi ya aina hii ndiyo msingi wa programu ya Otago, iliyobuniwa Nyuzilandi: takriban nusu saa mara tatu kwa wiki nyumbani, pamoja na matembezi mara mbili kwa wiki. Ilipofanyiwa majaribio kwa wazee, matukio ya kuanguka yalipungua kwa karibu theluthi moja.

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya zoezi ni kawaida. Goti kuvimba au kupata joto si kawaida. Punguza nusu, na likiendelea mwone mtaalamu. Acha papo hapo akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikimbana hata asiweze kumaliza sentensi.

## Dalili: anayumba au anaona giza akisimama

Hapa anaanguka ndani ya dakika chache za mwanzo baada ya kuinuka kitandani, kitini au chooni. Husema macho yamefanya giza, au kichwa kimekuwa chepesi.

Sababu. Upungufu wa maji mwilini na dawa ndizo zinazoongoza: za presha, za kupunguza maji mwilini, za tezi dume, za sonona na za usingizi. Kisha kulala kwa muda mrefu. Nadra zaidi ni kisukari au Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito) vilivyoharibu mishipa ya fahamu inayosimamia presha, upungufu wa damu, na moyo wenyewe.

Kipimo. Kama mna mashine ya presha, mpime akiwa amelala kwa dakika tano. Asimame, mpime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, umeshampata mwizi. Andika namba zote, mpelekee daktari.

Marekebisho. Asiruke kutoka kitandani. Akae ukingoni, apige vifundo vya miguu juu na chini mara 20, akunje na kukunjua ngumi, kisha asimame akiwa ameshika kitu na asubiri mpaka kichwa kitulie kabla ya hatua ya kwanza. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amempimia kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Na tafadhali, usimpunguzie dawa ya presha kwa uamuzi wako. Mwombe daktari au mfamasia azipitie dawa zote kwa pamoja, pamoja na zile za kununua bila cheti.

## Dalili: chumba kinazunguka akigeuka kitandani au akitazama juu

Hiki si kizunguzungu cha presha. Chumba chenyewe kinazunguka, kwa kawaida chini ya dakika moja, kisha kinatulia. Chanzo kikubwa ni chembe ndogo za chokaa ndani ya sikio zilizotoka mahali pake na kuingia kwenye mrija unaopima mizunguko ya kichwa. Wengi hupewa vidonge kwa miezi, na vidonge havirudishi chembe mahali pake.

Tiba yake ni kugeuza kichwa na mwili kwa mpangilio maalumu, ambao unaitwa kwa jina la daktari John Epley wa Marekani. Fiziotherapisti aliyefunzwa hulipima sikio lenye tatizo kwanza, kisha humgeuza mgonjwa ndani ya dakika chache, na wengi hupata nafuu baada ya mara moja au mbili. Nashauri mara ya kwanza isifanyike nyumbani kwa kufuata video: unaweza kutibu sikio lisilo na tatizo, na shingo ya mzee yenye mifupa iliyochakaa haipaswi kuning'inizwa na mtu asiyejua.

Kizunguzungu kisichokatika, kinachokuja na kuona vitu viwiliviwili, kutamka vibaya, kichwa kuuma vikali au kushindwa kabisa kusimama, ni dharura ya kiharusi.

## Dalili: anajikwaa pasipo na kitu

Anza na viatu. Kandambili zinamlazimisha mtu kukunja vidole ili zisimtoke, na hatua inakuwa ya kuburuza. Viatu vilivyolegea ni vilevile. Soksi peke yake kwenye sakafu laini ni hatari. Anachohitaji ni kiatu kilichofunika kisigino, kinachofungwa, chenye soli nyembamba, imara na isiyoteleza. Soli nene na laini inapendeza mguuni, lakini inamnyima mzee habari za sakafu anayoikanyaga.

Kisha geuza viatu vyake vya zamani utazame soli. Ncha ya kiatu kimoja ikiwa imelika kuliko ya kingine, mguu huo hauinuki. Sikiliza anavyotembea: kisigino kinatangulia kugusa, au unasikia unyayo mzima ukipiga sakafu "pa"? Mwombe atembee kwa visigino hatua chache akiwa ameshika ukuta. Mguu unaoshindwa kusimama kwa kisigino una udhaifu mbele ya muundi.

Ganzi ya nyayo. Mfumbe macho, mguse kwa wepesi vidole vya miguu kimoja kimoja, akuambie unapogusa. Asipohisi viwili au zaidi, anahitaji kupimwa sukari na vitamini B12. Mtu mwenye ganzi husimama kwa kutegemea macho. Ndiyo maana ukizima taa au akifumba macho akinawa uso, anayumba.

Matibabu. Kuinua vidole akiwa amekaa kisha akiwa amesimama, kunyoosha vigimbi vilivyokaza, na kutembea akivuka vitu vifupi vilivyopangwa sakafuni, mtu akiwa pembeni yake. Mwenye ganzi azoezwe mizani kwenye mwanga, na akague nyayo zake kila jioni kwa sababu jeraha halitamuuma. Mguu uliolegea kabisa unahitaji kifaa cha kuushikilia juu, nacho mtaalamu ndiye anayekipima. Mguu ukilegea ghafla, rudi juu kwenye orodha ya hospitali.

## Dalili: anaanguka akigeuka, au akiongea huku anatembea

Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi walichapisha jambo rahisi sana: wazee waliokuwa wakisimama kwanza ili wajibu swali waliloulizwa wakiwa wanatembea, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuanguka katika miezi iliyofuata. Unaweza kuliona hili ndani ya nyumba yako. Mwulize jambo akiwa anatembea. Akisimama ili akujibu, kutembea kwenyewe kumeshamla akili yote; hakuna akiba iliyobaki ya kushughulikia zulia lililojikunja au mtoto aliyepita mbio.

Sababu ya kwanza ni mizani iliyodhoofika kwa kutotumika. Nyingine ni macho (mtoto wa jicho, au miwani yenye lenzi mbili inayofifisha sakafu akitazama chini), shingo na vifundo vilivyokakamaa, na kumbukumbu inayoanza kupungua.

Vipimo viwili. Cha kwanza: ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Cha pili: asimame karibu na ukuta nyayo zikiwa sambamba, kisha kisigino kimoja kikiwa kando ya kidole gumba cha mguu mwingine, kisha kisigino kikiwa mbele kabisa ya vidole vya mwingine kama mtu anayefuata mstari, mwisho mguu mmoja. Kila hatua sekunde 10, na asiendelee mbele ikiwa ameshindwa iliyotangulia. Asipoweza sekunde 10 kwenye ule mkao wa mstari, mizani yake inahitaji kazi.

Mfundishe kugeuka kwa hatua ndogo nyingi, kama anayezunguka meza, nyayo zikiutangulia mwili. Asipinde kiwiliwili huku miguu imeganda. Hii peke yake ilimsaidia yule bibi kabla misuli yake haijapata nguvu yoyote mpya.

Kisha zoezi la mizani lenyewe, na hapa nina msimamo: zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimjengi mizani. Kuinua mikono akiwa amekaa kitini kunachangamsha mwili, lakini hakumfundishi mtu kusimama. Asimame pembeni ya meza nzito, kwenye ule mkao wa mwisho alioumudu, na apunguze msaada: mikono miwili, mmoja, vidole viwili, kisha mikono ikielea sentimita chache juu ya meza. Wewe simama nyuma yake kidogo, upande ulio dhaifu. Akishakuwa imara, ndipo mtaalamu ataongeza la pili: kutaja majina ya wajukuu huku akitembea, au kubeba kikombe. Tai chi, mchezo wa Kichina wa mwendo wa polepole, nayo imeonyesha kupunguza kuanguka, na faida yake ni kwamba watu huipenda kiasi cha kuendelea nayo.

## Dalili: miguu inaganda mlangoni

Kiwiliwili kinaendelea mbele, nyayo zimenata sakafuni. Mara nyingi hii ni Parkinson, na unaikuta zaidi mlangoni, kwenye kona na akiwa na haraka. Usimvute mkono, utamwangusha. Mwambie asimame kabisa, avute pumzi, ahamishie uzito mguu mmoja hadi mwingine, kisha apige hatua moja kubwa. Kumhesabia "moja, mbili, moja, mbili" au kubandika mistari ya utepe sakafuni husaidia wengi. Dawa zake zipangwe na daktari, na mazoezi yafanyike saa ambayo dawa inafanya kazi.

Kama mwendo wa kunata umekuja pamoja na mkojo kumtoka na kusahau kulikozidi, aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu apigwe picha ya ubongo. Huenda ni maji yaliyojaa kichwani, na hilo huweza kutibiwa.

## Dalili: anaanguka usiku tu

Giza, haraka ya kwenda haja ndogo, na dawa za usingizi. Weka taa ndogo inayowaka usiku kucha kati ya kitanda na choo, viatu na miwani viwe mahali anapovifikia kwa mkono, nyaya na vizulia viondolewe njiani, vishikio vifungwe chooni. Kuhusu haraka ya mkojo, wengi hawajui kwamba fiziotherapisti huifanyia kazi kwa mazoezi ya misuli ya ndani ya nyonga, ile inayozuia mkojo, kwa wanawake na wanaume. Dawa ya usingizi isikatishwe ghafla. Daktari ataipunguza kidogokidogo.

## Dalili: fimbo anayo, na bado anaanguka

Karibu kila mara fimbo ni ya mtu mwingine, au imeshikwa mkono usio sahihi. Asimame wima amevaa viatu, mikono ikining'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Aishike upande ulio kinyume na mguu mbovu, na fimbo iende pamoja na mguu huo. Mpira wa chini ukiwa umelika, badilisha. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Mguu mbovu na fimbo hutangulia kushuka. Anayetumia fremu ya kutembelea aingie ndani yake anapotembea, asiisukume mbali na kuifuata ameinama.

## Dalili: haanguki tena, kwa sababu hatembei tena

Hii haionekani kama tatizo, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Mzee ameanguka mara moja, ameogopa. Nyumbani wote wanamwambia kwa upendo, "Mama kaa, tutakuletea." Anakaa. Baada ya miezi michache mapaja yameisha, vifundo vimekakamaa, na siku anayolazimika kusimama mwenyewe anaanguka vibaya kuliko mwanzo. Kumkalisha ndiko kulikomwangusha.

Ondoa kwanza kinachouma, kwa maana hofu nyingine ina maumivu nyuma yake. Kisha mrudishie kazi moja ya kusimama kila siku, fupi, yenye mtu pembeni. Na kama hali yake inaruhusu, mtaalamu amfundishe kuinuka kutoka sakafuni, kwani wengi wanachoogopa hasa ni kubaki chini. Mzee anayelala sakafuni zaidi ya saa moja bila msaada anaweza kupata vidonda vya mgandamizo, baridi, upungufu wa maji na misuli kuharibika hadi kuumiza figo.

Mpangilio ni huu. Atulie kwanza, ajipapase kama kuna panapouma. Ageukie ubavu. Asukume kwa mikono hadi akae kwa nyonga, kisha apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti imara. Mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu uwekwe mbele unyayo ukiwa chini, asukume, ageuke, akae. Wewe unachofanya ni kuleta kiti na kumwelekeza. Usimnyanyue kwa makwapa. Utamtoa bega, na mgongo wako utaumia. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti, au mwenye mfupa uliovunjika karibuni, asijaribu hili bila ruhusa ya mtaalamu wake.

## Wa kumwona, na cha kutarajia

Mwone fiziotherapisti ikiwa ameanguka mara mbili ndani ya mwaka mmoja, ikiwa ameumia hata mara moja, au ameshindwa kipimo chochote kati ya vya hapo juu. Nenda na daftari, dawa zote kwenye mfuko mmoja, miwani na viatu anavyovaa kila siku. Siku ya kwanza unatarajia apimwe akiwa amesimama: nguvu, mizani, mwendo, presha, hisia za nyayo. Kama wiki zinapita na mzee analazwa tu, anachuliwa na kuwekewa joto, huku hajasimamishwa hata mara moja, uliza kwa adabu ni lini mazoezi ya mizani yataanza.

Nguvu na mizani huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na hupungua tena mazoezi yakisimama. Rudieni kipimo cha kiti kila mwezi, kwa kiti kilekile, muandike namba kwenye daftari lile lile. Namba ikishuka mara mbili mfululizo, mrudishe kwa mtaalamu hata kama bado hajaanguka.